Mali bila Daftari: Namna ya Kuchagua Programu ya Hesabu za Chama

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ni wa zamani kuliko kompyuta, lakini maana yake haijapungua. Kilichobadilika ni daftari lenyewe. Katika Unguja, kuanzia vyama vya kuweka na kukopa vya wafanyakazi wa Mji Mkongwe hadi vikundi vya wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, makatibu hufikiwa na wauzaji wanaonadi programu za kompyuta za kuweka hesabu. Kila muuzaji husema yake ndiyo bora, na kila mmoja huja na bei yake.

Kununua programu si jambo dogo kama kununua kabati la mafaili. Kabati likiwa bovu, chama hupoteza bei ya kabati. Programu ikiwa mbovu, chama hupoteza uhakika wa nani ana akiba kiasi gani na nani anadaiwa kiasi gani. Uhakika huo ukishapotea, mtu wa kwanza kuulizwa na wanachama ni katibu, na wakati huo muuzaji huwa keshakwenda zake. Kwa sababu hiyo yafaa kila katibu na kila mwanakamati aelewe namna ya kupima programu kabla ya chama kutia saini.

MAFUNZO YA KARIBU NA YA MBALI

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Baada ya miaka michache hesabu za Serikali zilianza kuhamishiwa katika mashine, na kazi hiyo ikaleta hasara na vurugu za hesabu. Wataalamu wa ndani walikuwa wachache, na nchi ilitegemea sana maelezo ya waliokuwa wakiuza mashine. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata, lakini fundisho lake linabaki: anayenunua asichokielewa hununua pia matatizo asiyoyajua.

Fundisho la pili ni la Uingereza, nalo linawagusa makatibu moja kwa moja. Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza mwaka 1999 kuweka katika matawi yake mfumo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ambayo baadaye ilichukua jina la Fujitsu. Mfumo huo ulikuwa na kasoro, na mara nyengine ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wasimamizi wa matawi walipolalamika walielezwa kuwa mfumo ni mzima, na mikataba yao iliwataka wafidie upungufu. Wapo waliolipa kwa fedha zao wenyewe hadi wakafilisika. Kati ya mwaka 1999 na 2015 wasimamizi zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa makosa kama wizi na kughushi hesabu, na baadhi yao walifungwa gerezani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro. Ilibainika pia kuwa wafanyakazi wa kampuni waliweza kuingia kwa mbali katika hesabu za tawi na kuzibadili bila msimamizi kujua. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hukumu nyingi za namna hiyo. Kwa waliokwisha kufariki, haki hiyo ilikuja wakati wao wenyewe hawapo tena kuipokea.

Ikiwa mambo hayo yaliweza kutokea katika shirika kubwa lenye wanasheria na wakaguzi wengi, chama kidogo cha Unguja hakina budi kujihadhari zaidi. Swali kuu la kumwuliza muuzaji ni hili: programu ikionyesha kosa, katibu mwaminifu atawezaje kuthibitisha kwamba kosa si lake? Mambo mengi yanayofuata yanatokana na swali hilo.

CHAMA KIJIJUE KWANZA

Kosa la kawaida ni kuanza kwa kumwita muuzaji. Muuzaji hufika ofisini na kompyuta yake, akaonyesha michoro ya rangi na hesabu za wanachama wa kubuni ambao hulipa kila mwezi kwa wakati. Kamati hupendezwa. Hakuna anayekumbuka kuuliza itakuwaje stakabadhi ikiandikwa kwa jina la mtu mwengine, kwa kuwa katika hesabu za kubuni jambo hilo halitokei.

Utaratibu unaofaa ni kuanza na karatasi. Kamati ikae na katibu, mtunza fedha na angalau wanachama wawili wa kawaida, waandike kwa Kiswahili mambo ambayo chama hufanya kila siku, kila mwezi na kila mwaka: wanachama ni wangapi, fedha huingia kwa njia gani, ngapi ni taslimu na ngapi hupitia simu au benki, aina za mikopo ni zipi, wadhamini huandikwaje, na taarifa gani hutakiwa na kamati, mkutano mkuu, mkaguzi na Mrajis. Ukurasa mmoja au miwili yatosha. Karatasi hiyo ndiyo kipimo watakachopimiwa wauzaji wote.

Mahitaji ya vyama hayafanani. Chama cha kuweka na kukopa huhitaji hesabu ya hisa, akiba na mikopo ya kila mwanachama. Chama cha wakulima wa mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, huhitaji zaidi hesabu ya kilo zilizopimwa, aina ya mwani, bei ya siku hiyo, na makato ya kamba na vifaa alivyokopeshwa mkulima. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya cha kwanza yaweza kushindwa kabisa kwa cha pili.

Jambo jengine ni riba. Katika Zanzibar wapo wanachama wengi wasiotaka kutoa wala kupokea riba. Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) ilifungua huduma za benki za Kiislamu mwaka 2011, ishara ya kwamba hitaji hilo ni la kweli. Kwa chama cha namna hiyo, programu inayoongeza riba yenyewe kila siku, na isiyoweza kuzuiwa, haifai hata ikitolewa bure. Chama hicho huhitaji programu inayoweza kuandika mauzo ya murabaha: bidhaa imenunuliwa kwa kiasi gani, imeuzwa kwa mwanachama kwa kiasi gani, na deni limegawanywa katika awamu zisizopanda kwa sababu ya kuchelewa. Muuzaji akijibu kwamba neno “riba” litabadilishwa tu liwe “faida”, kamati ielewe kuwa hakuna kilichobadilika ila jina.

AINA ZA PROGRAMU ZILIZOPO

Programu zinazonadiwa kwa vyama zaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni programu za hesabu za biashara kwa jumla, kama QuickBooks ya Marekani, Sage ya Uingereza na Tally ya India. Hizi hufanya vizuri kazi ya mauzo, manunuzi, mapato na matumizi, na wahasibu wengi wamejifunza kuzitumia. Udhaifu wake kwa ushirika ni kwamba hazikutengenezwa kwa kumfikiria mwanachama mwenye hisa, akiba, mkopo na wadhamini kwa wakati mmoja. Mara nyingi katibu hulazimika kuweka leja ya wanachama pembeni, na leja mbili zisizosemezana ni mlango wa makosa.

Fungu la pili ni programu zilizotengenezwa mahsusi kwa vyama vya kuweka na kukopa. Hizi humjua mwanachama, hukokotoa mgao wa faida na huonyesha mikopo iliyochelewa. Nyingi hutengenezwa na kampuni ndogo za Afrika Mashariki. Faida ni ukaribu wa fundi na lugha. Hatari ni kwamba kampuni yenye mafundi wawili au watatu inaweza kufungwa, na elimu ya programu ikaondoka nao.

Fungu la tatu ni programu huria, ambazo leseni yake hailipiwi na ambazo fundi yeyote anaruhusiwa kuzichunguza na kuzirekebisha. GnuCash ni mfano mmoja kwa hesabu ndogo. Apache Fineract, ambayo asili yake ni mradi wa Mifos ulioanzishwa na Grameen Foundation kwa taasisi za mikopo midogo, ni mfano mwengine kwa kazi kubwa zaidi. Hata hivyo neno “bure” lisiwadanganye wanachama. Leseni ni bure, lakini kusimika, kufundisha na kutengeneza panapoharibika kunahitaji fundi, na fundi hulipwa.

Aidha, katika mafungu yote matatu kuna programu zinazowekwa ndani ya kompyuta ya chama na nyengine ambazo hesabu zake hukaa katika kompyuta za muuzaji na kufikiwa kwa mtandao kwa malipo ya kila mwezi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, nayo itaelezwa hapa chini.

MASHARTI YASIYO NA MJADALA

Yapo mambo ambayo programu ikiyakosa hukataliwa, hata kama ni nzuri kwa mengine yote. Ni haya:

(a) Kila anayeitumia awe na jina lake na nenosiri lake. Katibu na mtunza fedha wasitumie nenosiri moja, kwa kuwa kosa la mmoja litakuwa la wote.

(b) Ingizo likishathibitishwa lisifutike. Kosa lirekebishwe kwa ingizo jipya la kulitengua, kama ilivyo katika leja ya mkono, ambapo kosa hukatwa mstari mmoja likabaki kusomeka na kutiwa saini.

(c) Programu iandike yenyewe nani aliingiza nini, tarehe gani na saa ngapi, pamoja na mabadiliko yanayofanywa na mafundi wa muuzaji wakiingia kwa mbali. Orodha hiyo isomeke na katibu na mkaguzi bila kumwomba muuzaji.

(d) Chama kiweze wakati wowote kutoa kumbukumbu zake zote, za wanachama na za miamala, katika jedwali linalofunguka kwa programu nyengine za kawaida. Kuchapa karatasi peke yake hakutoshi.

(e) Stakabadhi na taarifa ya mwanachama ziwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mwanachama asiyeweza kusoma taarifa yake hawezi kuitetea haki yake.

Muuzaji mwema hatachukizwa na masharti haya. Anayechukizwa amejibu swali kabla hajaulizwa.

JARIBIO LA LEJA YA ZAMANI

Kipimo kisichodanganya ni hesabu za chama chenyewe. Badala ya kukubali hesabu za kubuni, kamati ichague miezi mitatu ya zamani ambayo imekwisha kukaguliwa, na ndani yake ichague wanachama 20. Wasiwe wale wasio na matatizo peke yao. Wawemo pia hawa: aliyelipa mara mbili kwa bahati mbaya, ambaye stakabadhi yake iliandikwa kwa jina la mwengine, ambaye mkopo wake uliongezewa muda, aliyelipa nusu taslimu na nusu kwa simu, aliyejitoa katikati ya mwezi, na aliyefariki, akiba yake ikadaiwa na warithi huku bado akiwa mdhamini wa mtu.

Majina halisi yabadilishwe kabla ya kumkabidhi muuzaji, maana hali ya fedha za mwanachama ni siri yake. Kisha katibu mwenyewe, si fundi wa muuzaji, aingize miamala hiyo katika kila programu inayoshindanishwa. Fundi aruhusiwe kuelekeza kwa mdomo tu. Kwa njia hii kamati itaona mambo mawili kwa mpigo: kama programu ni sahihi, na kama katibu anaweza kuitumia.

Mwisho wa jaribio salio la kila mwanachama lilinganishwe na leja iliyokaguliwa. Lazima zilingane hadi shilingi ya mwisho. Zikitofautiana, muuzaji aeleze tofauti kwa maandishi. Huenda ikagundulika kwamba kosa lilikuwa katika leja ya zamani, na hiyo pia ni faida. Lakini jibu la kuwa “mfumo ndivyo unavyokokotoa” lisikubaliwe. Kununua bila jaribio hili ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

UMEME, MTANDAO NA HEWA YA BAHARI

Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Mwezi Mei mwaka 2008 huduma hiyo ilikatika na kisiwa kikakaa karibu mwezi mmoja bila umeme wa gridi. Desemba 2009 ilikatika tena, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Waya mwengine mkubwa zaidi uliwekwa mwaka 2013 na hali ikawa bora, lakini umeme kukatika kwa saa chache si jambo geni kwa katibu yeyote. Mtandao nao hupitia baharini: tarehe 12 Mei 2024 waya za mawasiliano za chini ya bahari zilipokatika, huduma ya mtandao iliyumba vibaya Tanzania na katika nchi jirani.

Kwa hiyo kila muuzaji aulizwe: mtandao ukikatika siku ya malipo, katibu atafanya nini? Programu nyengine huendelea kupokea miamala na kuipeleka mtandao unaporudi, na nyengine husimama kabisa. Jibu lijaribiwe hapo hapo kwa kuuzima mtandao wakati wa maonyesho. Hali kadhalika programu ijaribiwe katika ofisi ya chama, isijaribiwe katika ofisi ya muuzaji tu, kwa kuwa ndani ya nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta nene za mawe na chokaa mawimbi ya simu huwa dhaifu, na katika vijiji vya pwani hewa ya chumvi hula vifaa mapema.

Iwapo hesabu hukaa katika kompyuta ya chama, pawe na nakala ya pili inayochukuliwa kila jioni na kuhifadhiwa mbali na ofisi, ili moto au mwizi asiondoke na vyote viwili. Mara moja kila baada ya miezi mitatu nakala hiyo ijaribiwe kufunguliwa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina tofauti na ahadi. Aidha, vitabu vya stakabadhi vya karatasi visitupwe. Siku ya giza ndivyo vitakavyoendesha chama.

GHARAMA ZIHESABIWE KWA MIAKA MITANO

Bei ya siku ya kwanza hupotosha. Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba chama chenye wanachama 300 kimepata wauzaji watatu.

Muuzaji wa kwanza anataka sh. 3,000,000 za kununulia, sh. 700,000 za mafunzo, na sh. 600,000 za huduma kila mwaka kuanzia mwaka wa pili. Muuzaji wa pili hataki fedha za kuanzia, bali sh. 400 kwa kila mwanachama kila mwezi, yaani sh. 120,000 kwa mwezi. Wa tatu analeta programu huria: leseni ni bure, kusimika na mafunzo ni sh. 2,000,000, na fundi ni sh. 500,000 kila mwaka kuanzia mwaka wa kwanza.

Kwa mwaka wa kwanza, gharama ni sh. 3,700,000 kwa wa kwanza, sh. 1,440,000 kwa wa pili na sh. 2,500,000 kwa wa tatu. Kamati inayotazama mwaka mmoja itamchagua wa pili bila kusita. Kwa miaka mitano mambo hugeuka: wa kwanza ni sh. 6,100,000, wa pili ni sh. 7,200,000 na wa tatu ni sh. 4,500,000. Zaidi ya hayo, wanachama wakiongezeka kufikia 450, malipo ya mwezi kwa muuzaji wa pili yatapanda hadi sh. 180,000, ingawa kazi yake imebaki ile ile.

Mfano huu hausemi kwamba malipo ya kila mwezi ni mabaya. Kwa chama kidogo kisicho na kompyuta nzuri wala fundi yaweza kuwa ndiyo nafuu. Unachosema ni kwamba hesabu ifanywe hadi mwisho, na ziongezwe gharama ambazo muuzaji hazitaji: kompyuta, betri ya akiba, vifurushi vya mtandao, ujumbe wa simu kwa wanachama, na nauli ya fundi kutoka Mjini hadi Makunduchi au Nungwi.

MKATABA USOMWE KABLA YA SAINI

Mkataba ueleze wazi mambo manne. Kwanza, kumbukumbu ni mali ya chama, na muuzaji hana haki ya kuzizuia hata pakiwa na deni linalogombaniwa. Pili, fundi afike au ajibu ndani ya muda gani, na nini hutokea asipofika. Tatu, bei yaweza kupanda lini na kwa kiasi gani. Nne, siku ya kuachana, muuzaji ampe nani kumbukumbu, kwa muundo gani na ndani ya siku ngapi.

Sharti la nne hupuuzwa, kwa kuwa siku ya arusi hakuna apendaye kutaja talaka. Lakini hata kampuni kubwa huondoka. Kampuni ya Intuit ya Marekani iliacha kutoa huduma ya QuickBooks nchini India mwaka 2023, na wateja wake huko wakalazimika kutoa kumbukumbu zao na kutafuta pengine pa kuziweka. Walioweza kuzitoa waliendelea na kazi.

Pia mkataba uzungumzie siri za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa upande wa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano, lakini misingi yake ni mizuri kwa chama chochote: taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, zitumike kwa sababu hiyo tu, na zilindwe. Muuzaji asiruhusiwe kuuza wala kumpa mtu yeyote orodha ya wanachama na namba zao za simu.

KUTOA ALAMA NA KUAMUA

Programu zilizotimiza masharti ya lazima ndizo zishindanishwe kwa alama. Alama zigawanywe kabla ya maonyesho, ili mapenzi yasigeuze kipimo. Mgawo ufuatao waweza kufaa: usahihi na urahisi wa kufuatilia makosa, alama 30, kufaa kwa kazi za chama, 25, huduma na mafunzo, 15, urahisi wa kutoa kumbukumbu na kuhama, 15, gharama za miaka mitano, 15. Jumla ni 100. Kila mwanakamati atoe alama zake peke yake kwa maandishi, kisha zijumlishwe.

Kabla ya uamuzi, wajumbe wawili wavitembelee vyama viwili vinavyotumia programu husika, na kimoja kati ya hivyo kisiwe kimechaguliwa na muuzaji. Waulize jambo moja zaidi ya yote: mara ya mwisho palipotokea tatizo, lilimalizwa kwa siku ngapi?

Mwanakamati mwenye undugu au maslahi na muuzaji ajitaje na atoke nje ya kikao. Zawadi na chakula cha muuzaji visipokewe wakati wa mashindano. Taarifa ya uchaguzi, pamoja na alama na gharama, isomwe mbele ya wanachama katika mkutano mkuu, kwa kuwa fedha inayonunulia ni yao na siri zitakazowekwa humo ni zao.

KUHAMA KUTOKA LEJA YA MKONO

Hata programu iliyochaguliwa vyema huharibiwa na uhamaji wa haraka. Wakati unaofaa kuhama ni mwanzo wa mwaka wa hesabu, baada ya ukaguzi. Kila mwanachama aonyeshwe salio lake la hisa, akiba na mkopo, alinganishe na kitabu chake, na atie saini kulikubali kabla halijaingizwa. Kazi hii huchosha, na wapo watakaosema inachelewesha. Lakini salio la kuanzia likiwa na kosa, kompyuta italibeba kosa hilo miaka yote kwa unadhifu mkubwa, na hakuna atakayelishuku.

Baada ya hapo leja ya mkono na programu ziende sambamba kwa miezi mitatu, na kila mwisho wa mwezi zilinganishwe mbele ya kamati. Watu wawili au zaidi wafundishwe, ili katibu akiugua chama kisifungwe. Miezi mitatu ikimalizika bila tofauti, leja ya mkono ifungwe, isainiwe na ihifadhiwe mahali pakavu.

Programu nzuri haimfanyi mwizi kuwa mwaminifu, wala haimwondolei kamati wajibu wa kuhesabu fedha sandukuni. Kazi yake ni kuyaweka wazi yaliyotendwa, ili mwanachama aone akiba yake, mkaguzi aone njia ya kila shilingi, na katibu aliyefanya kazi kwa haki awe na ushahidi wa kumtetea siku atakapoulizwa. Chama kinapochagua, kichague kwa kuitazamia siku hiyo.